Kizuri hakijiuzi: mwongozo wa kutangaza bodi ya kompyuta ya chanzo huria ukiwa Uganda

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa maembe ya soko la Owino ni kweli, maana mteja anayaona, anayanusa, anayabinya. Bodi ya saketi haina harufu. Ukiiweka mezani, wengi hawajui wanatazama nini, na yule mmoja anayejua anataka kwanza kuwa na hakika kwamba ataweza kuitengeneza mwenyewe bila kukupigia simu kila baada ya dakika kumi. Kumfikia huyo mmoja ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo nitakayoieleza hapa kwa urefu.

Nina bodi yangu inayoitwa Kinga. Inakaa kati ya betri ya sola ya volti 12 na kompyuta ndogo ya darasani. Inaipa kompyuta volti 5 zilizotulia, na betri ikishuka hadi volti 11.6 inaiamuru ijizime kwa utaratibu kabla umeme haujaisha. Walimu wa kompyuta wanaijua shida hii: umeme ukikatika ghafla wakati kompyuta inaandika, kadi ya memori inaharibika, na kesho yake darasa zima linakaa mbele ya kioo cheusi. Michoro ya Kinga, orodha ya vipuri na programu yake viko wazi kwa kila mtu. Kuibuni kulinichukua miezi saba. Kujifunza kuitangaza kulinichukua karibu miaka miwili.

Mara ya kwanza nilituma picha kwenye makundi matano ya WhatsApp. Vidole gumba vilimiminika, pongezi zikaja, mtu mmoja akaniita fahari ya Busoga. Hakuna aliyeitengeneza. Nilikuwa nimetangaza kitu ambacho mtu asiyenijua asingeweza kukitumia, hata angekipenda vipi.

Kwanza, mtafute mgeni mmoja

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui msemo mwingine unaofaa kazi hii zaidi ya huo. Kabla hujaandika tangazo lolote, tafuta mtu mmoja ambaye hajawahi kuuona mradi wako, umpe bodi tupu, vipuri kwenye mfuko na maelezo uliyoyachapa kwenye karatasi, kisha ukae pembeni na kunyamaza.

Mimi nilimpata kijana fundi wa simu pale Busia, kibanda chake hakiko mbali na mpaka. Nilimlipa kwa siku nzima, nikakaa kwenye benchi na daftari, nikajiapiza nisifungue mdomo. Dakika ya kumi na nne akasimama. Alikuwa ameshika diodi, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwa kibano, anaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni. Kwenye mchoro wangu iliitwa D2. Kwenye bodi yenyewe, mstari unaoonyesha upande wake ulikuwa umechapwa mahali diodi inapokaa, kwa hiyo ukishaiweka juu mstari unafunikwa. Akaniangalia. Sikusema kitu. Akaiweka, akalehemu, akaendelea hadi mwisho. Alipounganisha betri, taa haikuwaka. Akachukua mita: upande wa betri volti 12.4, upande wa pili sifuri. Akakuna kichwa, akapima tena, akarudi kwenye D2, akaifumua na kuigeuza. Taa ikawaka.

“Mzee,” akaniuliza, “huu mstari uliuficha kwa sababu gani?”

Mpaka jioni nilikuwa na maswali 23 kwenye daftari, na mengi hakuyauliza kwa mdomo: ni mahali aliposita, aliporudi ukurasa wa nyuma, alipopima kitu mara mbili. Kila swali likawa sentensi kwenye maelezo au badiliko kwenye bodi. Katika toleo la pili, mstari wa D2 uko nje ya diodi, unaonekana hata baada ya kulehemu.

Rudia hivyo na mgeni wa pili, na wa tatu, hadi mmoja amalize bila kukwama. Wasiwe ndugu zako wala wanafunzi wako, maana hao wataona haya kukuonyesha walipokwama. Naomba usiiruke hatua hii. Tangazo zuri lililotangulia maelezo mabovu hufanya kazi moja tu: linawakusanya watu wengi kwa wakati mmoja waje kukwama mahali palepale, na waliokwama mara ya kwanza hawarudi.

Weka faili zinazoharirika

Wapo wanaotoa mchoro wa PDF peke yake na kuuita mradi huria. Haitoshi. Chama cha maunzi (yaani vifaa vyenyewe, si programu) ya chanzo huria, OSHWA, kilichoanzishwa 2012, kinasimamia ufafanuzi unaokubalika na wengi, na sharti lake la msingi ni kwamba mtu apewe faili katika muundo ambao yeye mwenyewe anaweza kuuhariri. Mfano ulio karibu nasi ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayokaa yote kwenye bodi moja. Tunaipenda, na Kinga yenyewe niliibuni kwa ajili yake, lakini faili kamili za bodi yake hazijatolewa, kwa hiyo si maunzi huria. BeagleBone Black, ambayo kwa mbali inafanana nayo, ni huria.

Kama bado hujaanza kuchora, chora kwa KiCad, programu ya kuchorea saketi. Jean-Pierre Charras aliianzisha 1992, haiuzwi, na inafanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac. Ukichora kwa programu ya kulipia, mwanafunzi wa Mbale hataweza kufungua kazi yako hata ukimpa bure.

Ghala la mradi wako, yaani mahali mtandaoni pa kuweka faili zake, liwe GitHub au Codeberg, liwe na faili za KiCad, faili za Gerber zinazopelekwa kiwandani, programu ya ndani ya bodi, maelezo ya kuunda hatua kwa hatua yenye picha, na orodha ya kasoro zinazojulikana. Faili la README ndilo linalosomwa kwanza, kwa hiyo picha ya bodi na sentensi moja inayoeleza kazi yake vikae juu kabisa. Historia ya safari yako iende chini au isiwepo.

Tengeneza pia kifurushi cha simu. Wasomaji wetu wengi wataufungua mradi kwa simu, na bando wanalinunua kwa fedha yao. PDF moja isiyozidi megabaiti 2, yenye mchoro, orodha ya vipuri na maelezo, inayotumika hata ikitumwa kwa WhatsApp kutoka mtu hadi mtu, itafika mahali ambapo ghala la GitHub halitafika kamwe. Kwenye kila ukurasa wake andika namba ya toleo na anwani ya mradi, maana itatenganishwa na wewe siku ileile utakayoituma.

Orodha ya vipuri ni tangazo pia

Hapa ndipo miradi mingi ya nchi za nje inapotuacha. Orodha inasema kipuri fulani, namba fulani, muuzaji fulani wa Marekani, basi. Fundi wa Lira anaisoma na kufunga simu.

Kwa kila kipuri, andika mambo manne: namba kamili ya mtengenezaji, kipuri mbadala ulichokijaribu kwa mkono wako, kama kinapatikana Kampala au lazima kiagizwe, na bei kwa shilingi pamoja na mwezi ulionunua. Vipuri vinavyoweza kufumuliwa kwenye bodi za zamani, vitie alama. Kapasita na viunganishi vya Kinga nilivipata kwenye maduka ya katikati ya jiji, lakini koili ya kushushia volti niliagiza. Nilipoandika wazi kwamba koili hiyo huagizwa na kwamba inaweza kuchukua wiki kadhaa kufika, malalamiko yaliisha. Watu huvumilia kungoja, wasichovumilia ni kungoja ambako hawakuambiwa mapema.

Kuna jambo jingine ambalo nililigundua nikiwa nimechelewa. Viwanda vya China vinavyochapa bodi kwa bei ndogo, kama JLCPCB, havikuuzii bodi moja. Kima cha chini ni tano. Maana yake kila anayeagiza Kinga anabaki na bodi nne tupu asizozihitaji. Nikaongeza sentensi moja mwishoni mwa maelezo: “Umebaki na bodi nne. Wape mafundi wanne walio karibu nawe, kila moja na karatasi hii.” Karatasi yenyewe ipo tayari ndani ya ghala, ukurasa mmoja wa kuchapa. Hakuna tangazo nililolipia lililoeneza mradi kuliko sentensi hiyo. Nyumbani kwa mwalimu mmoja wa Iganga bodi zilikuwa zimekaa kwenye droo miezi mitatu, na baada ya kusoma hayo zikafika shule tatu.

Leseni, na kulinda jina

Bila leseni, kazi yako haiko huria hata ukiimwaga sokoni, kwa sababu sheria ya hakimiliki, hapa kwetu ile ya 2006, inailinda michoro yako bila wewe kuomba. Kwa maunzi, leseni ninayoipendekeza ni ya CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, toleo la pili la 2020. Ina sura tatu. S inamlazimu anayebadilisha na kusambaza bodi yako atoe mabadiliko yake kwa leseni ileile. W inalegeza kidogo, inamruhusu kuiunganisha na sehemu zake ambazo si huria. P inamruhusu afanye atakavyo ilimradi akutaje. Mimi nilichagua S, kwa sababu nataka marekebisho ya watu yarudi kwa watu. Maelezo na picha niliyapa leseni ya Creative Commons BY-SA 4.0, na programu nikaipa GPL, leseni ya programu huria.

Usiongeze sharti la “si kwa biashara”. Ninajua linavyovutia, hasa ukiwa umetumia akiba yako mwenyewe. Lakini ukiliweka mradi si huria tena, na umemfukuza mtu unayemhitaji kuliko wote: fundi wa Katwe atakayeunda bodi kumi, auze tisa, na kuwaeleza wateja tisa kazi yake kwa Kiganda safi. Huyo ni mtangazaji asiyekudai mshahara.

Kitu unachoweza kukishikilia ni jina. Arduino, iliyoanzia Ivrea nchini Italia 2005, ilitoa michoro ya bodi zake, na bodi za kuiga zikajaa dunia nzima, lakini jina lenyewe likalindwa. Andika wazi: nakili, badilisha, uza, ila bodi uliyoibadilisha iite jina lako. Hii inamlinda mnunuzi asije akaletewa kitu kibovu chenye jina la kitu kizuri.

Baada ya hapo omba cheti cha OSHWA. Ni bure, na kilianza kutolewa 2016. Unajaza fomu, unathibitisha wewe mwenyewe kwamba umetimiza masharti, na mradi unapewa namba inayoanza na herufi za nchi yako, kwetu ni UG, ikifuatwa na tarakimu sita. Chapa namba hiyo kwenye bodi. Mtu wa Nairobi au Lisbon akiiona anajua faili zipo na mahali pa kuzitafuta.

Sentensi moja, picha tatu, video moja

Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa hivi: “Kinga ni mfumo wa usimamizi wa nishati kwa kompyuta za bodi moja.” Haikumfikia mtu. Ya sasa: “Kinga huizima kompyuta ya darasa taratibu kabla betri ya sola haijaisha, ili kadi isiharibike.” Mjaribu mwalimu, dereva wa bodaboda na dada yako. Wakiweza kuirudia kwa maneno yao, imekaa vizuri.

Picha ya kwanza ni bodi peke yake juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha, saa tatu asubuhi. Usitumie flashi, lehemu hung’aa na kufuta kila kitu. Weka sarafu ya shilingi 500 pembeni ili ukubwa uonekane bila maelezo. Picha ya pili ni bodi ikiwa kazini, waya zote zikionekana. Ya tatu ni watu wanaoitumia, na hapo omba ruhusa. Kwa watoto wa shule ongea na mkuu wa shule na wazazi, maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na hata isingekuwepo ni adabu tu.

Video iwe ya sekunde 40. Yangu niliipiga usiku darasani, taa moja inawaka. Betri inaonekana kwenye mita ikishuka, kompyuta inaandika kwenye kioo kwamba inajizima, kioo kinazimika taratibu, betri inaunganishwa na chaji, kompyuta inawaka na kazi ya mwanafunzi bado ipo. Sisemi neno lolote. Maneno machache yanapita chini kwa Kiswahili, na nakala nyingine ina Kiingereza.

Kama huna uhakika wa kupiga picha ya namna gani, kumbuka kundi la AirQo la Makerere, lililoanza 2015. Lilifunga vipimo vyake vya hewa hata kwenye bodaboda. Mtu asiyejua lolote kuhusu chembechembe za vumbi angani anaielewa picha ya bodaboda mara moja, na anaikumbuka. Tafuta bodaboda ya mradi wako.

Mcheza kwao hutunzwa

Anzia nyumbani. Mtu wa mbali ataisifu bodi yako, wa karibu ataitumia, na anayeitumia ndiye atakayekuambia ukweli wake.

Mtaa wa Nasser, mtaa wa wachapaji Kampala, ni rafiki wa mradi mdogo. Chapa stika, siyo mabango. Stika ya Kinga ina sentensi ile moja, anwani fupi na mchoro wa mraba wa kusomwa na simu (QR), na imebandikwa kwenye visanduku vya vifaa vya mafundi, kwenye betri, kwenye milango ya maabara. Kabla ya kuchapa nyingi, chapa moja uijaribu kwa simu ya zamani yenye kamera dhaifu. Zangu za kwanza zilikuwa na mchoro mdogo mno, na simu za kawaida hazikuusoma.

Shuleni usiende katikati ya muhula. Mwalimu ana mitihani na daftari za kusahihisha. Wiki ya mwisho ya likizo ndipo maabara hukaguliwa na vitu vilivyokufa hugunduliwa, na ndipo atakusikiliza. Nenda na bodi iliyokwisha kuundwa, ifunge mbele yake, ukate umeme yeye akitazama.

Vyuoni, watafute wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakati wanachagua mradi wao, si wakati wanauandika. Makerere, Kyambogo na Busitema wana vijana wa uhandisi wanaotafuta kitu halisi cha kuboresha. Kwenye ghala lako weka ukurasa wenye kazi tano ambazo hazijafanywa, kila moja ikiwa na ukubwa wa mtu mmoja na muhula mmoja. Kampala pia kuna kumbi za wabunifu kama Outbox na Hive Colab. Omba nusu saa ya jioni, na uende na lehemu, usiende na slaidi.

Redio ndiyo inayofika mbali zaidi, na wanateknolojia huidharau bure. Utapewa dakika chache, kisha simu zitafunguliwa, na maswali ni matatu kila mara: ni shilingi ngapi, inapatikana wapi, na ikiharibika atatengeneza nani? Swali la tatu ndilo lako. Vitu vingi vya kielektroniki vinavyoingia nchini havina mchoro, vikiharibika mara nyingi hutupwa. Chako mchoro upo, na fundi yeyote wa mji anaweza kuurejea. Liseme hilo polepole na ulirudie. Pale ndipo neno “huria” linapopata maana kwa msikilizaji wa Bugiri ambaye hahitaji kusikia habari za leseni.

Kwa magazeti na televisheni, andaa ukurasa mmoja wenye ukweli mtupu: kazi ya bodi, bei, nani walioiunda, wapi inatumika, na picha zako tatu kwa ukubwa kamili. Mwandishi ana haraka, ataandika kilicho mbele yake. Usimruhusu akuite wa kwanza Uganda au Afrika kama huna ushahidi. Siku mtu mwingine atakapojitokeza, habari itakuwa ugomvi wenu na bodi itasahaulika.

Kuhusu mitandao: WhatsApp, X na video fupi za TikTok zinatosha. Tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021 sikuifanya makao ya mradi. Mwezi huohuo intaneti yote ilikatwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, kwa hiyo usipange tangazo kubwa karibu na wiki ya kura, na nakala za faili zote ziwe kwenye diski mkononi mwako.

Na uandike kwa Kiswahili. Katiba yetu, kwa marekebisho ya 2005, inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini sababu yangu ni ya kifundi zaidi. Maelezo ya Kiswahili yakitoka Kampala yanavuka Busia, Mutukula na Bunagana bila kubadilishwa. Chagua neno moja kwa kila kitu na ushikamane nalo. Ukisema “kulehemu” ukurasa wa kwanza na “kuchomea” wa tatu, msomaji atadhani ni kazi mbili. Weka picha ya kila kipuri kando ya jina lake. Nakala ya Kiingereza iwepo pia, na za Kiganda, Lusoga au Kiacholi ukimpata wa kuziandika.

Kuvuka mipaka

Kwa wasomaji wa nje, fungua ukurasa kwenye Hackaday.io, tovuti ambako wabunifu wa vifaa huonyesha miradi yao, na uandike maendeleo tangu mapema, makosa yakiwemo. Andrew “bunnie” Huang, mbunifu wa vifaa, alianza kueleza hadharani kompyuta yake ya Novena mwishoni mwa 2012, na kampeni yake ya kuchangisha kwenye Crowd Supply ilikuja 2014. Watu waliochangia hawakuwa wageni kwa bodi hiyo. Ukitaka kuchangisha fedha mwenyewe, soma kwanza orodha ya nchi ambazo jukwaa linapokea waanzilishi wake, na ujue fedha itakufikiaje, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa kampeni.

Siku ya kutangaza nje chagua Jumanne au Jumatano, saa kumi na moja jioni kwetu. Ulaya bado wako kazini, na pwani ya mashariki ya Marekani ndiyo kwanza wanafungua kompyuta. Kisha usiende popote hadi usiku wa manane. Swali lililojibiwa ndani ya saa moja huleta maswali mengine, lililojibiwa kesho limekwisha kupoa.

Kwa walio vyuoni, weka toleo kamili Zenodo, ghala la mtandaoni la kazi za utafiti, upate bila malipo DOI, namba ya kudumu ya kazi yako, ili kazi iweze kurejewa kwenye maandishi ya wengine. Jarida la HardwareX huchapisha maunzi huria yenye faili kamili, maelezo ya kuunda na vipimo, ila lina ada, kwa hiyo uliza chuo chako mapema. Kuna pia mikutano. FOSDEM ya Brussels, mkutano wa programu huria, hufanyika mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari na haina kiingilio, ila anza habari za viza miezi mingi kabla. Ile ya Kiafrika ya sayansi na maunzi huria, AfricaOSH, ilianzia Kumasi 2018 na mwaka uliofuata ikafika Dar es Salaam. Hiyo ndiyo ningeitanguliza, maana wanaokuja wanajua betri ya sola ikishuka saa nne usiku inaleta nini.

Kama bodi yako inarusha mawimbi ya redio, iwe Wi-Fi au nyingine, zungumza na Tume ya Mawasiliano kuhusu idhini ya kifaa kabla ya kuuza. Kinga haina redio, na nimeliandika hilo wazi kwa sababu waagizaji huuliza.

Kasoro zitangaze mwenyewe

Baada ya bodi kufika mikononi mwa watu, kitu kitaungua. Kwangu ilikuwa kiunganishi cha betri. Nilichapa alama za chanya na hasi karibu mno, na shule moja ikageuza waya. Kompyuta ilipona, lakini fyuzi ilikatika na mwalimu akaamini bodi imekufa.

Nilifanya hivi, na ningekushauri ufanye vivyo hivyo. Siku hiyohiyo niliandika taarifa yenye picha: toleo gani, kasoro ipi, utaijuaje, utaitengenezaje kwa vitu ulivyonavyo. Niliiweka juu kabisa ya README, nikaituma kwenye kila kundi nililotangaza mwanzoni, na nikampigia mwalimu nikamwongoza kubadilisha fyuzi akiwa kwenye simu. Kisha nikachapa stika ndogo nyekundu ya kubandika kando ya waya chanya, na faili lake nikaliweka ghalani. Taarifa hiyo ilisambazwa kuliko tangazo lolote nililoandika, na wiki iliyofuata watu wanne wasionijua waliagiza bodi. Mmoja aliniandikia kwamba alikuwa akisubiri kuona nitafanya nini kitu kikiharibika.

Weka daftari la bodi zilizoundwa na watu wengine: mji, mwezi, toleo, picha, na walichobadilisha. Usihesabu vidole gumba. Mtu akikutumia faili alilolirekebisha, mjibu siku hiyo hata kama bado hujalipima. Mwaka jana fundi mmoja wa Mutukula alinitumia Kinga ya volti 24, kwa ajili ya zahanati iliyofunga betri mbili mfululizo. Nimeiweka kwenye ukurasa wa mbele, jina lake juu ya langu, na namba ya OSHWA ya bodi yake ameiomba mwenyewe.